Kabla hujanunua tabo kubwa, shika konrodi mkononi

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja Jumamosi na jua lote hili, naona wengine mmekuja na magari na wengine na watoto, karibuni sana. Mwenyeji wetu ameniomba niongee nusu saa kuhusu konrodi za injini ya tabo yenye nguvu nyingi. Konrodi ni kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka, na tabo ni ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada. Nami ntaongea vile naongea gereji kila siku, mwenye swali ainue mkono tu tutasimama tumjibu.

Hapa mezani nimeweka kikopo. Ndani mna bolti imekatika vipande viwili. Kiacheni kwanza, tutakifikia.

Saa ile nashuka kwa gari kuna kijana amenishika mkono akaniuliza, fundi, nina Subaru yenye injini ya EJ20, nataka hospawa 400, ninunue konrodi gani? Nikamwambia ngoja nikujibu mbele ya watu kwa sababu swali lako ndo swali la wote hapa. Na jibu langu ni kwamba siwezi kukuchagulia konrodi kwa kusikia hospawa peke yake. Hospawa ni namba ya mwisho kwenye karatasi ya daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari. Konrodi haijui hospawa. Konrodi inajua mambo mawili, kusukumwa na kuvutwa, basi, na kila moja ya hizo ina njia yake ya kuiua.

Tuanze na kusukumwa. EJ20 pistoni yake ina upana wa milimita 92. Mchanganyiko ukiwaka juu yake, injini ya tabo iliyopandishwa busti, yaani ile presha ya hewa inayosukumwa na tabo, presha ndani ya silinda inaweza kufika bar 100 na kupita. Ukipiga hesabu ya eneo la ile pistoni, bar 100 ni karibu tani 6.8. Mzigo wa lori hio, umewekwa juu ya kichuma unachokiinua kwa vidole viwili, na kwa mizunguko 7,000 kwa dakika kila silinda inapigwa hivyo mara 58 kwa sekunde moja. Mzigo huu ndo unaokunja konrodi. Mkiona injini imefunguliwa na konrodi imepinda kama ndizi, jueni ilisukumwa ikashindwa.

Sasa kuvutwa. Hapa wengi hawafikirii kwa sababu hakuna moto wala mlipuko. Pistoni inapanda mbio kutoa moshi, inafika juu, inatakiwa isimame na irudi chini, na wakati ule hakuna presha juu yake ya kuisukuma irudi, kwa hivyo konrodi ndo inaikamata na kuivuta. Stroki ya EJ20, yaani mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu, ni milimita 75. Pistoni na pini yake na ringi na kichwa cha juu cha konrodi tuseme jumla gramu 600. Kwa mizunguko 7,000 konrodi inavutwa na karibu tani 1.6. Ukienda 8,000 inakuwa tani 2 na kidogo. Umeongeza mizunguko elfu moja tu na mzigo umepanda asilimia 31, kwa sababu huu mzigo hauendi na mizunguko, unaenda na mizunguko mara mizunguko. Busti haiuongezi huu. Hata ukitoa tabo yote ukaitupa, kwa mizunguko 8,000 bado ni tani 2 zile zile.

Mtu ataniambia fundi, tani 2 ni kidogo kuliko tani 6.8, mbona unatutisha. Sikilizeni vizuri hapa. Ile tani 6.8 inasukuma chuma kizima, kipande kimoja kilichofuliwa. Ile tani 2 inataka kung'oa kofia ya chini ya konrodi, ile nusu inayokumbatia krenki, na ile kofia imeshikwa na bolti mbili tu. Mbili! Chuma kizima cha konrodi kinaweza kuwa kizuri namna gani, kwenye kuvutwa maisha ya injini yako yako kwa bolti mbili ambazo kila moja ni nyembamba kuliko kidole chako kidogo.

Kwa hivyo kijana wangu, mie nikisikia hospawa 400 nauliza kwanza, zinakuja saa ngapi, yaani kwa mizunguko mingapi? Chukulia magari mawili, yote yanaonyesha 400 kwenye daino. La kwanza limewekwa tabo ndogo inayoamka mapema, toki, yaani nguvu ya kuzungusha, inafika Nm 550 kwa mizunguko 3,500, halafu inashuka taratibu hadi juu. La pili tabo kubwa, chini halina kitu, lakini linashika Nm 440 mpaka mizunguko 6,500 na hapo ndo zile 400 zake zinapotoka. Karatasi ni sawa, mizigo ni tofauti kabisa. La kwanza ndo linakunja konrodi, na ntawaambia kwa nini. Pistoni ikifika juu kwenye kuwaka, uzito wake wenyewe bado unataka kuendelea kupanda, kwa hivyo unapunguza ule msukumo wa moto. Kwa mizunguko 7,000 unapunguza tani 1.6, lakini kwa 3,500 unapunguza robo yake tu, tani 0.4. Yaani chini kule konrodi inapokea kipigo karibu chote peke yake. Tena mizunguko ikiwa midogo petroli inapata muda mrefu wa kupata joto na kulipuka kabla ya wakati, ule mlio wa kokoto mnaousikia ukiweka gia ya tano barabara ya kupanda halafu ukakanyaga mpaka mwisho. Ule mlio ni nyundo. Hakuna konrodi duniani inayopenda nyundo.

Basi mwenye tabo ndogo inayoamka mapema, nakwambia tafuta konrodi yenye mwili mnene, na mwambie anayekutyunia, yule anayekupangia kompyuta ya injini, asikurushie busti yote pale 3,000, aipandishe kwa ngazi. Ushauri huo wa pili haugharimu hata shilingi na unaokoa injini kuliko kitu chochote utakachonunua. Mwenye tabo kubwa anayetaka kuchezea 8,000, macho yako yote yawe kwenye uzito wa pistoni na kwenye bolti.

Niongee bolti sasa, na hapa ntakaa, mnisamehe.

Mie nimekulia Mombasa, babu yangu alikuwa baharia wa jahazi. Mwenye kuijua bahari anajua kamba ya tanga ikilegea upepo unaipiga, inakaza inalegea, inakaza inalegea, na jioni utaikuta imeliwa. Ikikazwa sawasawa upepo ni ule ule lakini kamba imetulia. Bolti ya konrodi ni vile vile kabisa. Bolti ukiikaza inarefuka kidogo, kama springi, na ule mvuto wake ndo unaobana kofia. Ukiwa umeikaza mpaka nguvu yake ya kubana ni kubwa kuliko ule mvuto wa pistoni, bolti karibu haihisi kitu, pistoni ivute isivute yeye ametulia. Lakini ukiikaza pungufu, kila mzunguko inavutwa na kuachiwa, maelfu kwa dakika, na chuma kikifanyiwa hivyo kinachoka hata kama mzigo wenyewe ni mdogo. Bolti nyingi zilizokatika hazikukatika kwa kuwa ni dhaifu. Zilikatika kwa kuwa hazikukazwa inavyotakiwa.

Na spana ya toki, ile inayolia tiki ikifika namba uliyoiweka, peke yake inakudanganya. Ile nguvu unayoweka kwenye spana, takriban asilimia 90 inaishia kwenye msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi, kinachobaki kuivuta bolti ni kidogo tu. Sasa badilisha mafuta uliyopaka, karatasi inasema paka ile grisi yao maalum wewe ukapaka oili ya injini, spana italia tiki kwa namba ile ile lakini bolti haijavutwa vya kutosha. Ndo maana nyie wenye kujenga injini kubwa nawaomba mnunue geji ya kupima urefu wa bolti. Unaipima ikiwa huru, unaikaza, unaipima tena, unaona imerefuka sehemu ngapi za elfu za inchi kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Na ukija kuifungua siku nyingine, ipime tena. Ikibaki ndefu kuliko ilivyokuwa mwanzo kwa sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.025, itupe. Usinitafute uniulize kama inaweza kurudi. Itupe.

Sasa kikopo. (Hapa nilikifungua nikapitisha ile bolti kwa watu.) Hii bolti niliifunga mie mwenyewe, zamani, nikiwa bado kijana nina haraka. Mteja alileta injini, konrodi nzuri za kufuliwa, zimetumika kidogo, na bolti zake zile zile. Sikupima urefu. Niliziangalia kwa macho nikaona zinang'aa, nikapaka oili, nikapiga spana, nikafunga bloku. Ilikaa miezi minne. Akawa anateremka Mombasa na familia yake, mbele kidogo ya Mtito Andei, anapita lori, bolti moja ikakatika, konrodi ikatoka ikatoboa bloku, oili ikamwagika juu ya egzosi ya moto na gari ikashika moto. Alisimamisha akatoa watoto wote. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Nilikwenda kuichukua ile gari usiku ule ule, na hii bolti niliiokota ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kesho yake. Iangalieni hapo ilipokatika, kuna sehemu laini kama imepigwa msasa na sehemu ndogo ya mwisho imeparuka. Ile laini ndo ufa uliokuwa unatembea polepole miezi yote minne, na ile iliyoparuka ndo sekunde ya mwisho. Mtu akiwaambia ilikatika ghafla, mwonyesheni hio laini.

Kwa hivyo bolti mpya, siku zote. Konrodi nyingi nzuri zinakuja na bolti za ARP, kampuni ya California iliyoanza 1968, na aina ya kawaida kwa kazi zetu ni ARP2000 ambayo inastahimili kuvutwa kwa psi 220,000, yaani ratili kwa kila inchi mraba. Iko L19, inakwenda psi 260,000, lakini ile haitaki unyevu, hata jasho la mkono linaweza kuiharibu, inashika kutu ndani kwa ndani na kupasuka. Kwa gari ya kwenda kazini na kurudi, na hali ya hewa ya Pwani ilivyo, mie siiweki. ARP2000 inatosha watu karibu wote mlio hapa.

Chuma chenyewe. Mtasikia 4340 kila mahali, ni stili yenye nikeli, kromiamu na molibdenamu, Waingereza wana ndugu yake wanayoiita EN24. Ikifuliwa vizuri na kupikwa vizuri kwenye tanuri, inatosha. Juu yake iko 300M, ambayo ni 4340 iliyoongezwa silikoni na vanadiamu, ngumu zaidi na bei yake mnaijua. Aluminiamu achieni watu wa drag, zile mbio fupi za kunyooka, inameza vipigo vizuri lakini inachoka haraka, maisha yake yanahesabiwa kwa idadi ya mbio. Titani watu wanaipenda kwa jina. Honda waliiweka kwenye NSX mwaka 1990, na ile injini haikuwa na tabo hata moja, waliiweka ili iwe nyepesi injini ifike mizunguko 8,000. Umeona? Walikuwa wanapigana na kuvutwa. Wewe unayepigana na busti kwa mizunguko 3,500, titani haikusaidii kwa bei ile.

H-bimu au I-bimu, watu wanagombana mpaka wanakosana. Ukikata konrodi katikati moja inatoa umbo la H nyingine la I, na Fred Carrillo wa California ndo aliyeifanya H-bimu ijulikane kwenye mbio. Maoni yangu, I-bimu nene ya kampuni inayojua kazi inastahimili kusukumwa vizuri sana, na kwa injini za toki kubwa chini mie naipendelea. Lakini kwa EJ20 ya hospawa 400 au hata 500, H-bimu ya 4340 yenye bolti nzuri haitakuwa ndo kitu cha kwanza kuvunjika. Nyingi za injini hizi tunazozifungua, pistoni za kiwandani zinapasuka kwenye mapango ya ringi kabla konrodi haijalalamika.

Kinachoniuma zaidi ni konrodi feki za kubandika jina. Kuna duka nilinunua seti moja, imeandikwa kwa leza vizuri, boksi zuri. Nikaziweka kwenye mzani, ya kwanza na ya nne zinatofautiana gramu 11. Nikafunga kofia kwa toki nikapima tundu la chini, si duara, ni yai. Nikazirudisha. Kwa hivyo msinunue kwa macho. Uliza karatasi yake iko wapi, bolti ni aina gani, urefu wake unapimwa vipi, na kabla hazijaingia kwa injini pima uzito wa kila moja, pima duara ukiwa umekaza bolti, angalia mwili mzima kama una mkwaruzo. Ule uso wa konrodi nzuri unapigwa na vijigololi vya chuma ili ubanwe, ufa usipate pa kuanzia. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi unafungua mlango huo tena. Na tafadhalini, tafadhalini, mafundi wenzangu msipige namba kwa patasi kwenye mwili wa konrodi. Andikeni kwa kalamu ya wino.

Za mitumba zilizotoka kwenye injini ya ex-Japan, za kiwandani, kwa gari ambayo haijapandishwa nguvu sina neno. Kwa kujenga, hapana. Uchovu wa chuma hauonekani kwa jicho, na hujui aliyekutangulia aliipigaje.

Dada pale ameuliza kwa nini watu wanaweka konrodi za bei na bado injini inanoki, yaani inagonga. Swali zuri sana hili. Kwa sababu mara nyingi konrodi haikufa, ilikufa beringi, kile kichuma laini kinachokaa kati ya konrodi na krenki. Kati ya beringi na krenki kunatakiwa nafasi, na krenki yenye shingo ya milimita 52 ni kama milimita 0.05, unene wa unywele wa kichwa hivi, na ndani ya ile nafasi kuna oili tu inayobeba zile tani zote. Oili ikikosekana sekunde mbili kwenye kona, beringi inashika, inazunguka na krenki, joto linapanda, konrodi inakatika, halafu watu wanasema konrodi mbovu. Subaru ndo kabisa, ule mrija wa kunyonya oili ndani ya sampu unajulikana kupasuka, badilisheni mnapojenga. Na Subaru si kama Toyota kwamba utafungua sampu uchungulie bolti za konrodi kutoka chini. Bloku ni nusu mbili zimekumbatiana, ukitaka kuzifikia lazima utoe injini upasue bloku. Kwa hivyo pima siku ile ile imefunguka mbele yako, mpe fundi wako muda, usimpigie simu kila baada ya saa moja.

Jambo la mwisho nalolitaka mlisikie, hasa nyie wenye busti kontrola, kile kifaa cha kupanga busti, ya kuzungusha kwa mkono. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya kawaida hapa ina presha ya kama bar 0.83. Geji yako ikisoma busti bar 1.5, ndani ya injini kuna 2.33. Ukiteremka Mombasa bila kugusa kitu, geji inasoma 1.5 ile ile lakini hewa ya kule ni bar 1.01, ndani kuna 2.51. Umeongeza karibu asilimia 8 ya mzigo na hujui, tena kwenye joto la Pwani ambalo linaita ule mlio wa kokoto. Gari ilityuniwa hapa mpaka ukingoni, inakwenda kule inavuka ukingo. Kompyuta ikipangwa kwa presha kamili, yaani busti pamoja na hewa ya nje, inajirekebisha yenyewe, ya mkono hairekebishi. Kabla ya safari ya Disemba irudishe chini, ama mwambie anayekutyunia akuachie nafasi.

Basi kijana wangu wa hospawa 400, umenisikia. Njoo nikuulize tabo yako inaamka saa ngapi, pistoni zako zina uzito gani na unakwenda Mombasa mara ngapi, halafu tutachagua pamoja. Nimeleta geji ya bolti, maikromita na mzani, viko meza ile ya pembeni, na seti mbili za konrodi, moja nzuri na moja niliyoikataa, sikuziandika ipi ni ipi. Pimeni wenyewe, mtaniambia.